Sabuni ya Kituo cha Saba

Hakuna mtu aijuaye bahari kunishinda mimi. Kuogelea sijui, na siku moja niliyopanda boti nilitapika mpaka kwenye kandambili za mwenye boti, lakini hayo tuyaache. Habari za Bildi ninazo zote.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ya Bildi ililia juu ya meza ya jikoni. Ujumbe ulitoka kwa Fundi Cherehani.

*Gauni tayari. Kiuno inchi kumi. Njoo upesi, wageni wako njiani.*

Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu na mwenye macho mazima kuliko inavyofaa, aliusoma kabla yake.

"Inchi kumi?" akauliza. "Kiuno cha nani hicho? Hata kigimbi chako hakiingii."

"Ndiyo mtindo wa sasa."

"Miaka ishirini na mbili huyu fundi anakupima, na gauni hata moja sijaliona likiingia humu ndani. Anapima nini huyo mwanamume?"

"Anapima kwa uangalifu, mume wangu."

Bildi akachukua mche wa sabuni ya kufulia kando ya sinki, akautia kapuni, akatoka.

"Na sabuni pia!" mzee akapiga kelele dirishani. "Kila ukienda kwa fundi, sabuni inatoweka! Mnafua huko?"

Hilux ya kijivu ilikuwa imeshakata kona.

Gauni halikuwepo. Fundi Cherehani alikuwa Mkuu, bosi wa kitengo cha ujasusi cha jeshi la majini. Kiuno inchi kumi maana yake shambulio saa kumi jioni. Wageni walikuwa wafanyamagendo. Na Bildi, mama mfupi wa miaka hamsini na mitatu, mnene wa mabega, alikuwa jasusi wa kitengo hicho tangu siku ambazo simu zilikuwa na antena.

Jina hilo alipewa kazini. Bildi ni lile donge la madini ya risasi, kilo nne, ambalo mabaharia hulitupa majini likiwa na kamba ili wajue kina. Chini lina kitundu. Ukikijaza sabuni, donge likigonga sakafu ya bahari, sabuni inanasa kilichopo: mchanga, tope au kombe. Mwenye kamba anajua maji yana pima ngapi, yaani marefu ya mikono miwili iliyonyooshwa, na chini kumelala nini. Wenzake walisema mama huyu ni hivyo hivyo. Akitupwa popote, anagonga chini na kurudi na habari.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya mlango ulioandikwa IDARA YA TAKWIMU ZA SAMAKI. Katika miaka yote hakuna aliyewahi kubisha kuuliza takwimu ya samaki hata mmoja.

Bildi alisukuma mlango.

Akasimama.

Kiti chake, kile cha kulia kwa Mkuu, chini ya feni, kilikuwa na mtu.

Si mtu. Roboti. La manjano, refu kama mtoto wa darasa la pili, limefunikwa taulo mpaka kidevuni, kama lingekuwa na kidevu.

"Shikamoo, shangazi," ilisema sauti tamu pembeni. "Samahani, nimemweka Binti hapo. Hatakiwi kupata joto."

Msemaji alikuwa mhandisi mpya. Umri miaka ishirini na sita, shahada mbili, mgongo ulionyooka. Walimwita Kishikwambi kwa kuwa kishikwambi chake, ile kompyuta bapa, hakikuwahi kumtoka mkononi, hata chooni.

"Marahaba," Bildi alijibu. "Na mimi nikipata joto?"

"Chukua stuli, Bildi," Mkuu akasema bila kuinua kichwa.

Stuli.

Bildi akakaa kwenye stuli. Ilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Mkuu akatandaza ramani. Ghuba ndogo, umbo la kiatu cha farasi. Ukingoni, kiwanda cha barafu. Kilimilikiwa na mgeni mmoja aliyevaa suti nyeupe hata akikagua mitambo, na kitengo kilimwita Suti. Saa kumi jioni, maji yakijaa, meli nyeusi ingeingia humo kushusha mabomu arobaini ya majini, yale yanayotegwa yaelee yakisubiri meli. Usiku huo huo yangetandazwa kwenye mkondo mkuu wa bandari. Kesho yake hakuna meli ambayo ingethubutu kuingia wala kutoka.

"Boti zetu tatu zitaingia nyuma yao," Mkuu akasema. "Askari thelathini na sita. Ghuba hii hatujaipima miaka minne. Nataka kina, mkondo, sakafu, joto na chumvi ya maji, ili mashine zetu za kusikiliza zijue sauti inapitaje. Vituo kumi na vitano. Mwisho saa tisa alasiri."

"Kazi ndogo," Bildi akasema, akifungua kapu.

"Kishikwambi na Binti watapima cha kwanza hadi cha kumi, mlango wa kaskazini, zitakakopita boti. Wewe utapima kumi na moja hadi kumi na tano. Kule kusini, kwenye miamba."

Kule kusini boti zisikopita. Alipewa uani afagie.

"Na baada ya leo," Mkuu akaongeza, akimwangalia kwa mara ya kwanza, "hilo dude lako tutaliweka kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Limetumika vya kutosha. Liheshimiwe."

Kishikwambi alichungulia ndani ya kapu. "Shangazi, ile ni sabuni?"

"Ni sabuni."

"Ya kufulia?"

"Kwani lako unaliogesha na nini, mwanangu?"

Msichana akacheka. Mkuu naye akacheka, lakini alicheka akimwangalia msichana. Bildi alikiona kicheko hicho kilikokwenda. Akafunga kapu.

*

Saa nne kamili. Ghuba imetulia, jua linachoma.

Mama mmoja mfupi, kofia ya ukili, kijiboti cha plastiki chenye kiraka chekundu kilichokatwa kutoka kwenye beseni, injini ya Yamaha nguvu kumi na tano. Anavua kwa mshipi. Nani atamshuku? Ndani ya kofia kuna redio ndogo. Kapuni, chini ya chambo, bastola ya Beretta ndani ya mfuko wa mkate.

Kituo cha kumi na moja. Donge likazama. Kamba ikapita vidoleni, fundo baada ya fundo.

"Kumi na moja. Pima mbili na nusu. Mwamba," akanong'ona kwenye kofia.

"Sawa," redio ikajibu.

Kumi na mbili. Pima mbili. Mwamba na kombe.

Ndipo sauti ya Kishikwambi ilipoingia hewani. Alikuwa amekaa ufukweni upande wa pili, na miwani na vitabu, kama mwanafunzi anayejisomea mtihani. Binti alikuwa majini akimfanyia kazi.

"Kituo cha kwanza, pima tatu na nusu, mchanga. Cha pili, pima nne, mchanga. Cha tatu, pima moja, mchanga, ukutani kwa kiwanda. Cha nne..."

Hakuvuta pumzi. Namba zilimtoka kama mashine ya tiketi. Vituo kumi kwa dakika arobaini, na joto na chumvi na mwendo wa mkondo juu yake.

"Cha saba, pima nne, mchanga mtupu. Cha kumi, pima nne na nusu, mchanga. Nimemaliza, Mkuu."

Kisha Mkuu akasema, kwa sauti laini ambayo Bildi aliijua vizuri:

"Safi sana, jicho langu la chini."

Bildi akaacha kuvuta kamba.

Jicho langu la chini. Neno hilo lilikuwa lake. Alipewa miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya kukaa siku mbili ndani ya tangi la maji la adui, na hakuna siku aliyosikia mtu mwingine akiitwa hivyo. Mumewe mwenyewe hakuwahi kumpa neno zuri hivyo. Mumewe alimwita "wewe".

Akapima cha kumi na tatu huku meno yameumana. Akapima cha kumi na tano, kwa kuwa kilikuwa njiani na kamba ilikuwa mkononi. Kilibaki cha kumi na nne, nyuma ya jabali, mwendo wa robo saa kusini.

Akageuza boti.

Kaskazini.

Sababu alikuwa nayo. Kila alipopima ghuba hii, kituo cha saba kilikuwa na majani ya baharini, mazito kama godoro. Leo mashine inasema mchanga mtupu. Majani yamehamia wapi? Nani kayang'oa?

Sababu nzuri hiyo, ya kitaalamu. Lakini tusidanganyane. Majani hayakumpeleka. Lililompeleka ni lile neno. Alitaka kukuta kosa, hata dogo, hata la nusu pima, akalibebe mpaka ofisini na kuliweka juu ya kile kiti.

Njiani kitu cha manjano kilipita chini ya boti.

Dumu la mafuta, akawaza. Watu wachafu kweli.

Saa saba na dakika kumi na mbili, akiwa juu kabisa ya kituo cha saba, simu ikaita.

"Shangazi, ni mimi. Uko wapi?"

"Kituo cha kumi na nne," Bildi akasema bila kupepesa jicho. "Napima. Kwa nini?"

"Hakuna kitu, shangazi. Pole na jua."

Bildi akakata simu. Akajaza sabuni mpya kwenye kitundu, akailainisha kwa dole gumba, akashusha donge.

Pima nne. Namba ya msichana ilikuwa sahihi. Bildi akasonya.

Akavuta. Akageuza donge juu.

Chembe za mchanga zilikuwepo, ndiyo. Lakini katikati ya mchanga, kwenye sabuni nyeupe, palikuwa na alama.

Mistari miwili ikikatana na mistari miwili. Umbo la kasha, kona nne, safi kama chapa ya muhuri.

Na kwenye mistari, grisi nyeusi. Mbichi.

Akasogea hatua kumi, akashusha tena. Alama ile ile. Hatua kumi nyingine, ile ile.

Wavu wa waya. Umelazwa chini katikati ya mlango, umefunikwa mchanga wa unene wa kidole. Sauti ya roboti iligonga mchanga ikarudi na habari ya mchanga. Kilo nne za risasi zilipenya mpaka kwenye waya. Majani waliyang'oa ili wavu ulale vizuri. Boti tatu zikishaingia, mtu ananyanyua wavu kwa winchi, mapanga ya injini yananasa, na askari thelathini na sita wanakuwa dagaa kwenye sinia.

"We mama!"

Boti ya walinzi wa kiwanda. Watu wawili. Mmoja na bunduki begani, mwingine na mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Unafanya nini hapa?"

"Navua, wanangu. Tangu asubuhi sijapata hata wa paka."

"Hapa haparuhusiwi." Mwenye bunduki akachungulia. "Hiyo sabuni ni ya nini?"

Sabuni ya alama ilikuwa mkononi mwa Bildi, tumbo la donge likitazama angani.

"Samaki wa siku hizi wanapenda usafi," akasema. "Ukiwatupia chambo kichafu wanakutazama tu."

Mwenye mikono myeusi akacheka. "Basi lete hiyo sabuni ninawe, mama. Hii grisi haitoki tangu jana."

Akanyoosha mkono.

Bildi akautazama mkono ule. Grisi nyeusi. Mbichi. Ndugu wa toka nitoke wa ile ya kwenye sabuni.

Akinawa, ushahidi unaondoka na povu. Akimnyima, atauliza kwa nini.

"Hiyo imeshashika chambo, itakunukisha," akasema upesi, akageuza donge kifudifudi juu ya goti. "Subiri mwanangu, ninayo mpya." Akaingiza mkono kapuni, akapita juu ya Beretta, akatoa nusu ya mche iliyobaki. "Chukua yote. Sugua na kwenye kucha. Mkeo akiona mikono hiyo atakulaza sebuleni."

"Asante, mama. Haya, ondoka. Ukirudi hapa tutakuzamisha."

"Nirudi kufanya nini, na samaki wenyewe hakuna?"

Akavuta kamba ya Yamaha, akaondoka polepole, akiwapungia.

*

"Mkuu, hapa Bildi."

"Sema."

"Kituo cha saba kina wavu wa waya, chini ya mchanga. Umefungwa winchi, na winchi iko kiwandani. Ukipitisha boti pale, unazika watu."

"Kituo cha saba hakikuwa chako," Mkuu akasema.

"Nilipita."

"Kishikwambi, umesikia?"

"Nimesikia, Mkuu." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

Bildi alifumba macho kuionja sauti ile. Ilikuwa tamu kuliko chai ya kwanza ya asubuhi.

"Boti zipite wapi sasa?" Mkuu akauliza.

"Kituo cha tatu, wajibane na ukuta wa kiwanda, wavu uko katikati. Asubuhi kilikuwa na pima moja. Saa kumi maji yamejaa, kitakuwa na moja na nusu, na boti zetu zinataka nusu tu. Winchi niachie mimi."

"Vizuri. Nimebakiza namba moja tu. Kituo cha kumi na nne?"

Bildi akatazama saa yake ya Casio. Saa nane na dakika hamsini. Jabali lilikuwa mbali kule, kusini.

Miaka minne iliyopita kituo hicho kilikuwa na nusu pima na mwamba wenye meno yanayotokeza hata maji yakijaa. Mwamba haupangi na kuhama.

"Nusu pima," akasema. "Mwamba. Hapapiti hata bata."

"Umepima mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu, Mkuu."

*

Saa kumi kasoro dakika tano. Kiwanda cha barafu.

Mitambo ilinguruma. Sakafu ilikuwa na maji mpaka vifundoni. Mama mfupi mwenye kapu na ndoo aliingia kwa mlango wa wateja.

"Barafu imekwisha," akasema karani.

"Katika kiwanda cha barafu?"

"Imekwisha, mama. Nenda."

"Basi niombe maji ya kunywa."

Karani akainama kufungua friji.

Kapu lenye kilo nne za risasi likashuka kisogoni mwake. Mara moja tu.

Bildi akamlaza vizuri juu ya magunia, asilowe. Akapita mlango wa ndani. Ngazi ya chuma, ukumbi mrefu, na mwisho wake, mbele ya dirisha la baharini, winchi kubwa iliyonona kwa grisi. Mtu mmoja alisimama kwenye vitufe viwili, kimoja kijani, kimoja chekundu. Mikono yake ilikuwa safi mpaka inang'aa.

Akageuka.

"Mama wa sabuni?"

"Naona imetoka," Bildi akasema, Beretta ikimtazama kijana kifuani. "Kaa chini, mwanangu. Mikono kichwani. Polepole, usiichafue."

Akakaa.

Kupitia dirisha, meli nyeusi ilikuwa imeshafunga kamba gatini. Makasha yalikuwa yakishuka. Suti alisimama katikati yao, mweupe kama jino la dhahabu lililokosa dhahabu.

"Bildi, boti zinaingia," redio ikasema.

Zikaingia. Moja, mbili, tatu, zimejibana na ukuta wa kiwanda kama mapaka. Pima moja na nusu. Hakuna iliyogusa.

Bunduki zikaanza.

Ta-ta-ta-ta-ta.

Simu ya Bildi ikaita. Akaangalia jina. Mumewe.

Asingepokea, angepiga mara kumi.

"Uko wapi?" akauliza mzee.

"Kwa fundi."

Ta-ta-ta-ta-ta.

"Mlio gani huo?"

"Cherehani."

"Cherehani gani inapiga hivyo?"

"Ya umeme. Nitakupigia."

Akakata. Kijana aliyekaa chini alikuwa amekodoa macho.

"Usinitazame," Bildi akamwambia. "Ukioa utaelewa."

Meli nyeusi ilikata kamba. Injini zikanguruma, pua ikageuka kuelekea mlango wa kaskazini, kasi yote. Bildi akasubiri. Kituo cha tano. Cha sita.

Cha saba.

Akabonyeza kijani.

Winchi ikalia. Kule nje maji yakafura na wavu ukapanda kutoka mchangani ukichuruzika. Mapanga ya meli yakauzoa, yakaukunja, yakakwama. Meli ikasimama ghafla hivi kwamba nahodha alionekana akibusu kioo.

"Imenasa!" redio ikapiga kelele. "Mabomu yote arobaini tunayo!"

Bildi akapumua. Akainua darubini.

Akashusha. Akainua tena.

Suti hakuwa gatini.

Alikuwa ndani ya boti nyembamba yenye injini mbili kubwa nyuma, akiruka juu ya mawimbi kama jiwe lililorushwa. Hakwenda kaskazini. Alikwenda kusini, nyuma ya jabali.

"Suti anatoroka," Mkuu akasema redioni. "Anaelekea kituo cha kumi na nne."

"Mwache," Bildi akacheka. "Anakwenda kwenye mwamba. Okoteni suti, mkafue."

Boti ikafika kwenye jabali.

Ikapita.

Haikukwaruza. Haikupunguza mwendo. Ilipita kituo cha kumi na nne kama gari kwenye lami mpya, na mbele yake ilikuwa bahari wazi.

Miaka minne. Mtu alikuwa ameuvunja mwamba pale, akafungua mlango, na yeye alikuwa ameutangaza kwa jeshi zima kuwa ukuta. Aliyeagiza mabomu arobaini alikuwa anatoka kupitia ndani ya uongo wake.

Ndipo kutoka nyuma ya jabali ikateleza boti ya nne. Ya kijivu, imezima injini, inasubiri. Askari sita, mizinga miwili, kipaza sauti.

"Zima injini! Mikono juu!"

Suti akazima. Suti akainua mikono. Wimbi likampiga, na ile suti ikawa ya rangi nyingine.

Bildi alibaki dirishani. Boti ya nne? Hakuna aliyemwambia habari ya boti ya nne. Mkuu alikuwa na boti tatu. Na mtu mwenye akili timamu haweki boti mahali palipoandikwa kwamba hapapiti hata bata.

*

Saa kumi na mbili kasoro, ofisi ya takwimu za samaki.

Kiti cha kulia kwa Mkuu, chini ya feni, kilikuwa kitupu. Binti alikuwa sakafuni, taulo mabegani, analowesha zulia. Bildi alikaa kwenye kiti chake, akaegemea, akahakikisha kinalia mlio wake ule ule. Kikalia.

Kishikwambi alikuwa kwenye stuli yenye mguu mfupi.

Mbele ya Mkuu kulikuwa na kipande cha sabuni juu ya kisosi, na alama yake ya kona nne.

"Watu thelathini na sita," Mkuu akasema, akikizungusha kisosi. "Wako hai kwa ajili ya sabuni. Lile kabati la kioo halitahitajika, Bildi."

"Ni kazi tu, Mkuu." Akamwangalia msichana kwa huruma ya kununua dukani. "Mashine ni nzuri, mwanangu. Ila mashine inapita juu. Mimi ninagusa. Kituo kwa kituo, kwa mkono huu. Ndiyo maana naitwa jicho."

"Ndiyo, shangazi," Kishikwambi akasema kwa upole.

Mkuu akasukuma karatasi. "Saini hapa. Vituo ulivyopima, saa na namba."

Bildi akasaini. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kwenye kumi na nne kalamu haikutetemeka hata kidogo. Saa saba na dakika kumi na mbili. Nusu pima, mwamba. Miaka ishirini na mbili ya ujasusi huufunza mkono.

Akavaa miwani yake ya jua. Akatundika kapu begani, donge likigongana na Beretta. Akatembea kuelekea mlangoni taratibu, kama watembeavyo watu walioshinda. Hakugeuka. Mkono ukashika kitasa.

"Shangazi."

Akageuka kidogo tu.

Kishikwambi alikuwa ameinuka. Alikuwa amegeuza kishikwambi chake kioo kikawatazama wote wawili. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka chini ya maji. Maji ya buluu, mwanga wa jua, na juu yake tumbo la kijiboti cha plastiki lenye kiraka chekundu cha beseni. Kutoka ubavuni mwake ilishuka kamba, na mwisho wa kamba, donge la risasi.

Chini ya picha palikuwa na maandishi madogo. *Kituo cha 7. Saa saba na dakika kumi na mbili.*

"Uliniambia uko cha kumi na nne," msichana akasema. "Na picha hii nilikuwa ninaiona. Hukuwepo kule. Nikasema, basi angalau nimpeleke Binti akupimie. Pima nne, mchanga. Nikamwambia Mkuu."

Lile dumu la manjano.

"Kumbe ulikuwa unanifuata!" Bildi akang'aka. "Tangu asubuhi!"

"Ndiyo." Msichana akashusha kishikwambi. "Tangu nimefika hapa, kila nikipima kitu Mkuu anauliza, Bildi anasemaje? Kila kitu, Bildi anasemaje. Nilitaka nikukute umekosea, shangazi. Mara moja tu."

Feni ikazunguka. Kwenye zulia, Binti alidondosha tone la maji.

Mkuu alivuta karatasi ile karibu. Aliisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye saini ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi.

"Bildi."

"Mkuu."

"Kituo cha kumi na nne. Ulipima kwa mkono upi?"

Bildi aliutazama wa kulia. Kisha akautazama wa kushoto. Halafu akaachia kitasa, akarudi, na bila kuambiwa na mtu, akakaa kwenye stuli.